Siku Waliponiambia Niruke

Jumamosi, mwezi wa pili. Mvua tangu alfajiri.

Mvua imeanza kabla hatujaamka na mpaka sasa haijachoka. Barabara yetu ya Dilala imekuwa uji mwekundu, na mazoezi ya animasyon, ngoma zetu za chama, yameahirishwa mpaka Jumatatu. Wenzangu wamefurahi kwa kuwa watalala. Mimi nimekaa jikoni, mlango nimeufunga, na juu ya kiti nimetandika kitambaa kama kawaida, ingawa leo sijui hata kama ninakihitaji.

Mvua hii ingenyesha jana, ingenifaa. Leo imechelewa.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika, hata kwenye kurasa hizi ambazo hakuna anayezisoma.

Ninavuja mkojo.

Nimeliandika, na mkono haujakatika. Nilianza kuvuja nilipomzaa Kapya, kitinda mimba wetu, mtoto aliyekaa njiani mchana kutwa na usiku kucha kana kwamba alikuwa bado anafikiria kama atujie au asitujie. Yeye alitoka mzima. Mimi sikurudi nilivyokuwa. Nikikohoa, mkojo unatoka. Nikiinua ndoo, unatoka. Nikipiga chafya mbele ya darasa, naigeukia ramani ya Zaire ukutani na kujifanya natafuta mto.

Shuleni wananiita mwalimu mkali. Walimu wenzangu wanadhani sipendi mzaha. Napenda mzaha sana, ila mzaha mmoja mzuri unaniharibia sketi, kwa hiyo wanapoanza hadithi zao wakati wa mapumziko, mimi natoka nje kukagua madirisha. Kanisani nina benchi langu, la mwisho kabisa, karibu na mlango, pamoja na wenye watoto wachanga na wale waliochelewa. Vitambaa vyangu navikata kwenye mashuka ya zamani na kuvikausha ndani, nyuma ya kabati. Nyumba hizi za kampuni ya madini zimebanana, na kamba ya nguo ya uani inasomwa na kila jirani.

Mume wangu, Kasongo, ni karani wa kampuni. Yeye nilimwambia ni tumbo. Baadaye nikahamia kulala chumba cha watoto wa kike, nikamwambia anakoroma.

Hakoromi.

Daktari wa hospitali, mtu mwenye haraka, aliniambia dawa ni operesheni, na operesheni ni Lubumbashi. Dada yangu mkubwa aliingia chumba cha operesheni akitembea kwa miguu yake, akatolewa akiwa amefunikwa. Nilimwambia daktari asante, nikaenda nyumbani, sikurudi kwake tena.

Aliyenisaidia ni Mama Kayomb, mkunga wa zahanati, Mlunda wa Sandoa. Yeye ndiye aliyempokea Kapya. Siku moja kiangazi kilichopita nilimpeleka mtoto kuchomwa sindano, nikakohoa kwenye foleni, nikakunja miguu upesi. Aliniona. Hakusema kitu mbele za watu. Alinivuta hadi chumba cha ndani, akaniita kwa jina la ubatizo; majina hayo siku hizi tunaitana chini kwa chini kwa sababu serikali imeyakataza.

"Marta, ile ya kukunja miguu ukikohola, ilianza lini?"

Nilitaka kumdanganya. Badala yake nililia, na nilipolia nikavuja, na yeye akanipa kitambaa kama mtu anayempa mgeni kiti.

Akaniambia, "Operesheni iko, lakini haiko ya kwanza. Nyama ya chini ililegea, basi. Tutaikomalisha. Funga kama vile uko mbele ya mama-mukwe na tumbo inataka kukupatisha haya. Vuta juu. Usikaze matako, pumua. Alafu achilia. Kiloko kiloko, kidogo kidogo, kila siku. Na mbele ya kukohola, mbele ya kubeba ndoo, unafunga kwanza."

Nikamuuliza dawa ya kunywa iko wapi. Alisema dawa ni hiyo. Kusema kweli nilimdharau. Nilikuwa nimetarajia chupa.

Lakini nilifanya. Nilifanya nikiwa ubaoni, nikiwa kwenye foleni ya mkate, nikiwa nimepiga magoti kanisani, na kila wiki mambo yalizidi kuwa mabaya. Nilirudi kwake nikiwa na hasira. Akanilaza, akaweka mkono wake mpana juu ya tumbo langu, akasema nifunge. Nikafanya kama nilivyokuwa nafanya siku zote.

"Unazala, Marta," alisema. "Hakuna mutoto mule."

Na ni kweli, nilikuwa nasukuma. Hapa kwetu mwanamke akiambiwa afanye kazi yoyote huko chini, anajua kazi moja tu. Tumepigiwa kelele ya sukuma, sukuma tangu mtoto wa kwanza, mpaka mwili umesahau kwamba kuna njia nyingine. Wiki zote zile nilikuwa nabomoa kile nilichodhani najenga. Mama Kayomb hakucheka. Alinionyesha upya, polepole, kwa kidole chake, bila haya yoyote, mpaka nikausikia mwenyewe ule mvuto mdogo ukipanda juu. Ulikuwa mdogo sana. Nilishangaa kwamba kumbe bado uko.

Alinikaripia pia kwa sababu ya maji. Nilikuwa nimeacha kunywa maji mchana, nikidhani kisima kikavu hakivuji. Alisema mkojo mzito unachokoza kibofu na kukifanya kiwe na haraka zaidi, kwamba ninywe kama watu, niende msalani kwa saa zangu, nisingoje kukimbizwa. Alijaribu pia kunipatia pete ya mpira ya kuvaa kwa ndani ili inishikilie. Iliyokuwepo hospitalini ilikuwa kubwa, ikaniumiza, tukairudisha. Tukabaki na kufunga na kuachilia.

Kuelekea Noeli nilikohoa katikati ya mahubiri, na kitambaa kikabaki kikavu. Sikusikia neno hata moja la padri baada ya hapo.

Sikupona, nisijidanganye. Ndoo bado ilinishinda, na kuruka sikuthubutu hata kujaribu. Mama Kayomb alisema kuruka kuje mwisho.

Kisha ikaja habari ya ugeni. Wakubwa wa chama wanakuja Kolwezi, na walimu wanawake wote lazima waingie kundi la animasyon, yaani kuimba sifa za Guide, rais wetu, uwanjani huku tukitikisa viuno na kuruka juani kama vijana. Mimi ni mrefu, nikawekwa mstari wa mbele. Nilimwomba mkurugenzi wa shule aniache nyuma, nipige ngoma, nishike bendera, chochote. Aliniuliza kama kweli nataka aandike kwamba nimekataa. Nikasema hapana.

Tukagawiwa vitenge vipya. Vina sura ya Guide, kubwa kama sinia, moja mbele na moja nyuma. Ukikifunga inavyotakiwa, ya nyuma inakaa hasa pale mtu anapokalia.

Nilipokifunga mara ya kwanza nyumbani nilielewa. Mwanamke akilowa kwenye kitenge cha kawaida, ni aibu yake. Akilowa kwenye sura ile, mbele ya wageni, hiyo si aibu tena, ni kesi.

Na nyumba yetu haiwezi kubeba kesi. Kaka yangu Monga alivuka kwenda Angola pamoja na wanajeshi waliokimbia. Hatujui kama yu hai. Jina lake hatulitaji hata mezani, lakini ofisi ya chama inalikumbuka vizuri kuliko sisi. Likiandikwa jina langu karibu na lake, Kasongo atapoteza kazi, na kazi ikienda nyumba ya kampuni inaenda nayo.

Kwa hiyo Jumatano, kwenye mazoezi, nilikuwa mwerevu. Nilikikunja kitenge kwa ndani ili sura ya nyuma ipande juu kiunoni, chini ya blauzi, na matakoni kubaki maua matupu. Niliona nimemheshimu. Niliona nimemwinua kutoka mahali pabaya. Nilifunga, niliimba, niliruka kidogo kidogo, nikijifanya mguu unauma.

Anayetuongoza ni Mama Mwadi, wa upande wa wanawake katika chama. Ana jicho la kuona uzi uliochomoka. Alisimamisha ngoma, akanizunguka, akainua blauzi yangu mbele ya wote.

"Citoyenne," aliniita kichama, yaani mwananchi, "sura ya Guide iko wapi?"

Wanawake wengine walitazama vidole vya miguu yao, nami siwalaumu.

Jana, Ijumaa, nikaitwa ofisi ya chama, Manika. Niliamriwa nije nimevaa kitenge kile, kikiwa kimefungwa sawasawa. Mama Kayomb hayupo, yuko Sandoa kwenye matanga ya ndugu yake, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kunishuhudia. Kasongo alinisindikiza, lakini alizuiwa mlangoni. Ndani kulikuwa na kiongozi, Citoyen Kabamba, amefunga vifungo vya koti lake la abacost mpaka shingoni, karani wake, na Mama Mwadi amesimama dirishani.

"Sura ya Guide uliificha juu ya nini?" aliuliza Citoyen Kabamba, akitaka sababu.

"Sikuificha, Tata. Niliichunga."

"Uliichunga isipatwe na nini?"

Akageuza kalamu mezani. "Kaka yako eko Angola. Ni yeye njo alikufundisha?"

Hapo nikaona kwamba nina mlango mmoja tu, na mlango huo ni mchafu. Nikasema. "Niko na ugonjwa, Tata. Nikiruka, mukojo inatoka. Sikutaka ifike ku sura yake."

Karani alianza kucheka, akaona mkubwa wake hacheki, akanyamaza.

"Mwaka huu kila mutu mwenye ndugu Angola eko na ugonjwa," alisema Citoyen Kabamba. "Tutajua je? Ruka tuone."

Nilidhani ni mzaha wake. Alikuwa anangoja.

Nikaomba ruhusa ya kuvua kitenge. Ndani nilikuwa nimevaa kingine, cha zamani. Nikakikunja kile kipya vizuri, nikakiweka mezani, sura juu. Mama Mwadi akasema nina kitambaa ndani, kwamba wanawake wenye hila huweka kitambaa. Akanipeleka nyuma ya kabati la ofisi, nikakitoa, akakishika kwa ncha za vidole na kukitupa pembeni. Nikarudi katikati ya chumba.

Nikaruka.

Hakuna kilichotoka.

Sikuelewa. Wote watatu walikuwa wanatazama sakafu kati ya miguu yangu, na sakafu ilikuwa kavu. Akasema niruke tena. Nikaruka tena, juu zaidi, na safari hii nilisikia kabisa: kabla miguu haijaacha simenti, kitu kilijifunga chenyewe na kupanda, vile vile kama mkunga alivyonifundisha, bila mimi kukiamuru. Miezi yote ile ya ubaoni na kwenye foleni ya mkate ilikuwa imekaa pale ikinisubiri. Nikiri hapa, kwa kuwa sitakiri mahali pengine: nilifurahi. Katikati ya ofisi ile, nilifurahi kama msichana.

Citoyen Kabamba akavuta karatasi. "Naona uko muzima kabisa," alisema, na akaanza kuandika jina langu.

Furaha ikafa hapo hapo. Nikamwona Kasongo akibeba meza yetu kuitoa kwenye nyumba ya kampuni. Nikawaona watoto.

"Ngoja, Tata," nikasema. "Niache niruke tena."

Kufungua kulikuwa kugumu kuliko kufunga. Sikutegemea. Mwili ulikuwa umeshajifunza na haukutaka kuniachia. Ilinibidi nilegeze kiungo kimoja kimoja, tumbo, mapaja, chini, na nisukume. Sukuma, ile ile ya zamani, mbele ya wanaume wawili na mwanamke mmoja, nikitazamwa na sura iliyo mezani. Nikaruka.

Ukatoka. Ukashuka kwenye mapaja, ukaingia viatuni, ukaenda mpaka mguu wa meza.

Citoyen Kabamba aliacha kuandika, akakitazama kitenge mezani badala ya kunitazama mimi. Karani alikuwa amegeuka. Mwishowe kiongozi akasema, "Basi. Apanguze." Mama Mwadi akausukuma ufagio wa tambara kwa mguu mpaka kwangu, nami nikapangusa sakafu ya chama mpaka ikakauka.

Sitacheza. Nitasimama pembeni na kupiga makofi. Jina langu limekatwa kwenye karatasi ile, nimeliona likikatwa.

Kasongo alikuwa amesimama chini ya paa la duka la jirani. Aliniangalia usoni, kisha chini. Jua lilikuwa limewaka, barabara kavu, watu wengi. Alikuja nyuma yangu, karibu kabisa, na kutoka Manika mpaka Dilala alitembea hivyo hivyo, akiniziba, huku watu wakidhani ni mume anayemswaga mkewe kumrudisha nyumbani. Njiani alisema neno moja tu.

"Balikupiga?"

"Hapana."

Jioni, watoto walipokwisha kula, alisimama kwenye mlango wa chumba cha wasichana, mikono mfukoni.

"Rudi chumbani, Mama Kapya," alisema. "Mi sikoromake."

Alikuwa anajua. Sijui tangu lini, na sikuthubutu kumuuliza. Nilichukua mto wangu nikaenda.

Leo asubuhi, kabla mvua haijazidi, jirani alikuja kuniomba chumvi. Chumvi anayo, nilimwona akiinunua. Alisema pole ya ugonjwa, na macho yake yakashuka mpaka kwenye sketi yangu, yakakaa hapo. Kwa hiyo habari imeshafika. Jumatatu itafika shuleni, na watoto wa darasa la tatu hawana huruma, nawajua, nimewafundisha mimi.

Nimekasirika. Niandike hivyo bila kupindapinda. Sikasiriki kwa sababu ya sakafu wala jirani. Nimekasirika kwa sababu miaka yote hii aibu yangu ilikuwa kwamba siwezi kujizuia, na siku niliyoweza, kuweza kwangu kulikuwa kosa. Waliniona nikivuja na wakaniamini. Waliniona nikiwa mzima, wakachukua kalamu.

Mama Kayomb atarudi kutoka Sandoa wiki ijayo. Ataniuliza kama anavyouliza kila mara: "Inashika?" Nitamwambiaje? Nitamwambia inashika, Mama. Inashika hata pale nisipotaka.

Hatanielewa mpaka nimweleze yote. Nitamweleza. Yeye anastahili kujua kazi yake ilifika wapi.

Nimesimama sasa hivi, nikanyoosha kitambaa kilicho juu ya kiti. Kikavu. Nimefunga, nimepumua, nimeachilia. Huko chini panatii. Sijaruka. Bado naogopa kuruka hata hapa peke yangu, na sidhani hofu hiyo itatoka kwa mazoezi.

Kesho ni Jumapili. Kanisa zima litakuwa limeshasikia, na watakaponiona naingia watageuka kutazama benchi la mlangoni.

Sitakuwa pale. Nitakaa la mbele.